Kuifundisha Roboti Wimbo wa Mama

Mama alikuja kukaa nami Ukunda mwaka ule ambao silanga, lile bwawa tulilokuwa tukichota maji kule kwetu, lilikauka, likabaki tope lililojaa nyayo za ng'ombe. Kaka yangu mkubwa alibaki na mifugo, ndani huko upande wa Kinango. Mama akaletwa kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na bomba uani. Alifika na kikapu cha kunde, kanga zake chache, na sauti iliyokwaruza. Nilimwuliza kama ni mafua. Akasema ni vumbi. Nikaamini, maana vumbi lilikuwapo kweli na kuamini kulikuwa rahisi.

Mimi ni fundi katika hoteli moja ya Galu. Natunza pampu za bwawa la kuogelea, viyoyozi, jenereta, na chochote kingine cha umeme kilichogoma. Muda mfupi kabla mama hajaja, chumba cha michezo ya watoto wa wageni kilikuwa kimesafishwa, na katika vitu vya kutupwa nikakuta roboti ndogo isiyozidi kiganja changu. Ilikuwa na magurudumu mawili, vitufe vitatu mgongoni, na kispika cha bapa mfano wa sarafu. Ilikuwa imeingia maji ya bahari. Nikapewa ruhusa ya kuichukua. Niliisugua kwa mswaki na spiriti mpaka ukoga wa chumvi ukatoka, nikalehemu waya mbili zilizokatika, ikawaka.

Kuna wanaocheza bao na kuna wanaofuata mpira. Mimi nilishikwa na kile kidude. Kutembea kwake hakukunivutia, nilitaka kiimbe. Nilikuwa na laptop kuukuu, na kila siku yangu ya mapumziko niliketi mezani nikijifunza kuandika programu. Noti moja ni namba mbili. Ya kwanza inakiambia kispika kitetemeke mara ngapi kwa sekunde, ya pili inakiambia kitetemeke kwa muda gani. Nilipoandika noti mbili zinazofanana, zilitoka zimeshikamana kama noti moja ndefu, na nilihangaika wiki nzima kabla sijajua kwamba kati yake lazima uandike kimya pia, nacho ukipe muda wake.

Siku roboti ilipotoa mlio wake wa kwanza, mama alikuwa ameketi kitandani akichambua kunde. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyeachwa nyuma.

"Kina njaa hicho," mama akasema. "Kipe mtama."

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Nilimpa maji, kisha nikarudi kwenye laptop yangu.

Inafaa niseme mama yangu alikuwa nani. Alikuwa ngoi, yule mwanamke anayeanzisha wimbo ngomani na wenzake wakamwitikia. Arusi za kwetu hazikuwa zikianza mpaka afike. Wimbo wake uliojulikana kuliko zote aliutunga mwaka wa njaa, nilipokuwa mdogo. Mahindi ya msaada yalikuja kwa lori, na magunia mengi yakaishia nyuma ya nyumba ya mkubwa mmoja wa mtaa. Mama akatunga wimbo wa kuku aliyenenepa hata mlango wa banda haumtoshi. Hakumtaja mtu. Baada ya wiki mbili wanawake wa vijiji vitatu walikuwa wakiuimba kisimani, na yule mkubwa akamwita mama barazani mbele ya watu.

"Wimbo huu unamhusu nani?" akamwuliza.

"Kuku, bwana," mama akajibu.

Huyo ndiye aliyekuwa kitandani kwangu akipoteza sauti kidogo kidogo. Nilimpa tangawizi na asali. Jirani akaleta habasoda. Kanisani, Jumapili, niliona anafungua kinywa wakati wa nyimbo lakini hakitoki kitu, nikajiambia anajipumzisha. Roboti yangu wakati huo ilikuwa imefikia kupiga tenzi nzima bila kukosea, nami niliibeba kazini kuwaonyesha wenzangu. Mpishi mmoja kutoka bara, kijana wa Nairobi, aliizunguka akitikisa kichwa. "Buda, hii kitu ni noma," akasema. Nilijisikia mtu wa maana. Nasema haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ambao koo la mama lilikuwa likiziba, mimi nilikuwa nikijisifu kwa kutoa sauti kwenye kipande cha bati.

Kisha mchana mmoja tonge la ugali likamkwama. Halikuwa tonge kubwa. Alishika meza kwa mikono miwili, macho yakamtoka, nami nikampiga mgongoni mpaka likatoka pamoja na uzi wa damu. Kesho yake nikampeleka Msambweni, hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimpapasa mama shingoni akasimamisha vidole mahali pamoja.

"Sauti imekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

"Miezi michache," nikasema.

"Mwaka," mama akasema, kwa ile sauti yake ya mchanga.

Daktari akaandika mwaka. Hakuniangalia, na ningependa angeniangalia.

Tukapelekwa Mombasa kwa vipimo, na vipimo vikasema kile ambacho nadhani vidole vya daktari vilikuwa vimekwisha kusema. Ulikuwa uvimbe kwenye kikoromeo, na ulikuwa umekua. Wangeondoa kikoromeo chote, wamtoboe tundu shingoni la kupumulia. Angeishi, kwa muda ambao hawakuweza kuutaja, lakini hangesema tena. Nilimtafsiria mama kwa Kiduruma ili asibaki na shaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama atakuwa akila uji. Nikamwambia atakula. "Basi," akasema.

Asubuhi ya upasuaji alizungumza karibu saa nzima. Alizungumza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Habari za paa la kaka ambalo halikuezekwa vizuri. Mbuzi wake mweusi aliyekuwa na mimba. Mwanamke fulani ambaye hakumrudishia sufuria. Aliniambia nioe. Nilikuwa na simu mfukoni, simu inayorekodi sauti, na katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa mitambo na milio. Sikuibonyeza. Nilifikiri kuitoa kungekuwa kama kumwambia sasa tunaagana. Wakaja na kitanda cha magurudumu wakamchukua, nami sina hata neno moja la sauti yake. Nimetafuta kwenye simu za ndugu, za marafiki, za watu wa kanisani. Wana picha.

Alirudi Ukunda baada ya majuma kadhaa, amepungua, na kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni. Alipocheka mabega yalitikisika na hewa ikapiga filimbi ndogo pale kitambaani. Alipolia ilikuwa vivyo hivyo, ikanibidi nimtazame macho nijue ni kipi. Mama hakusoma hata darasa moja, kwa hiyo hatungeweza kuandikiana. Alionyesha kwa kidole, na nilipokosea alifumba macho akasubiri nijaribu tena.

Nikaona nimepata kazi ya roboti. Niliandika programu ya vitufe vitatu: cha kwanza mlio wa maji, cha pili mlio wa maumivu, cha tatu mlio wa kuniita. Nikachora alama kwa rangi ya kucha. Nikaiweka karibu na mto wake, nikamfundisha mara mbili tatu. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu aliyekaribishwa chakula asichokipenda. Cha maumivu hakukibonyeza hata siku moja, ingawa najua aliumwa, kwa sababu nilikuta shuka limetafunwa pembeni. Cha kuniita alikibonyeza kwa kila kitu, na mara nyingine nilipofika hakutaka chochote.

Mchana mmoja alinisukumia ile roboti kifuani. Akajigusa kinywa, kisha akakunjua kiganja mbele kama anavyofanya ngoi akiwapa wenzake wimbo.

"Unataka iimbe?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikampigia ile tenzi. Akageukia ukutani. Nikampigia nyingine, ya pasaka, akafanya vilevile. Ndipo akaweka mikono kwenye mbavu, akatanua viwiko, akavimbisha mashavu, akaiyumbisha shingo yenye kitambaa huku na huku. Nilikaa nikimkodolea macho mpaka nikaelewa. Alikuwa kuku aliyenenepa.

Nilidhani ingechukua siku mbili. Wimbo niliujua tangu utotoni; nikaukokota kwa mluzi, nikaandika noti, nikapiga. Mama akasikiliza noti nne, akanyoosha kidole juu. Nikapandisha ya nne. Akashusha kidole. Nikashusha. Juu tena, lakini kidogo, akionyesha kidogo kwa ukucha. Hapo nikagundua kwamba orodha ya noti niliyokuwa nayo, ile inayotumika kwa piano na tenzi, haikuwa na sauti yake. Alikuwa akiimba katikati ya noti. Mahali pamoja orodha ilinipa 392, kisha ikaruka hadi 415. Tulikwenda kwa namba moja moja, 397, 400, 401, yeye amefumba macho na kidole hewani, mpaka 403 kidole kikatulia.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Nilipotoka zamu ya asubuhi nilimsafishia tundu, nikamnywesha uji, kisha tukaketi. Siku nyingine tulipata noti tatu, siku nyingine hatukupata hata moja, na siku moja alizifuta kwa mkono noti tano tulizokwisha kuzikubali, tukaanza upya. Nilichoka. Siku hiyo nilimwambia kwa ukali, "Mama, jana ulisema ni sawa." Akanitazama tu. Mtu asiye na sauti huwezi kubishana naye. Unayasikia maneno yako mwenyewe yakirudi. Nikaomba radhi, nikafuta zile noti.

Mwanzoni niliifanya roboti itembee huku ikipiga, nikidhani itamchekesha. Betri hazikuweza kufanya yote mawili. Ilijizima katikati na kuanza wimbo upya, tena na tena. Nikakata waya za magurudumu. Wimbo wenyewe ulitaka waitikiaji, na roboti ina sauti moja, kwa hiyo kuitikia kukawa kazi yangu. Niliitikia vibaya. Nilipochelewa, mama alinipiga goti. Mara moja nilichelewa vibaya sana hata mabega yake yakatikisika na ile filimbi ikalia, nikamtazama macho, na hakuwa akilia.

Alikuwa akikonda. Vidonge vya maumivu vilibadilishwa vikawa dawa ya maji, kisha dozi ikaongezwa. Daktari wa Msambweni alimpapasa tena shingoni, upande wa pili, akaniomba nizungumze naye nje. Nilijua kabla hatujafika mlangoni.

Kaka alikuja juma lililofuata. Ni mtu wa maneno machache, na ukame ulikuwa umemchukulia karibu ng'ombe wote. Alimshika mama mkono kwa muda, halafu akatutazama tukifanya kazi yetu. Roboti ikapiga ubeti wa kwanza, mimi nikaitikia.

"Hiki nini?" akauliza.

"Wimbo wa kuku, kaka. Wa mama. Yeye mwenyewe ananielekeza."

"Huo si wimbo. Huyo ni mbu."

Nikaanza kumweleza habari za namba. Akaniacha niseme kidogo, kisha akainua mkono.

"Ulikaa naye mwaka mzima chini ya paa hili," akasema. Hakupaza sauti. "Uliweza kusikia kwamba noti ya mashine imepungua kidogo hivi. Sauti ya mama ikiisha, hukusikia?"

Mama akapiga kofi moja, tukamgeukia wote. Akamwonyesha kaka kidole, kisha akakielekeza magharibi, bara, kwetu.

Nilipinga. Nikasema vumbi la kule litaingia tunduni, hospitali iko mbali, maji hakuna. Yote yalikuwa kweli. Mama alisubiri nimalize, akakielekeza kidole palepale. Hotelini ulikuwa msimu wa wageni na hakuna aliyepewa likizo. Niliomba, nikanyimwa, na sikuacha kazi. Wakaondoka asubuhi kwa gari la kukodi, mama ameegeshwa mito kiti cha nyuma. Roboti nilimwekea mapajani. Akanirudishia. Akaonyesha laptop, akanyoosha vidole vitatu: bado ubeti wa tatu.

Siku ya tisa kaka alinipigia. Nilikuwa kwenye chumba cha pampu, mchana, mashine mbili zikinguruma, na sikumsikia. Nikamwambia arudie. Ikambidi aseme mara mbili.

Tulimzika kwetu. Mchungaji aliongoza tenzi, watu wakaitikia vizuri. Baadaye, wageni wa mbali walipokwisha kula na kuondoka, wanawake wa rika lake wakakusanyika uani, na mmoja akaanzisha wimbo wa kuku. Nilikuwa nikibeba viti. Nikavitua chini.

Sauti yao haikuwa ile ya kwenye roboti. Mwanzo ulifanana, halafu pale ambapo mama alinipandisha kwa ukucha siku tatu mfululizo, wao walishuka. Pale aliponiwekea kimya kirefu, wao hawakupumua kabisa. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa na hakika kwamba nimeharibu kila kitu, kwamba yule mgonjwa alinivumilia kwa huruma miezi ile yote.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima, kisha nikaenda kwa mwanamke aliyeanzisha wimbo ule siku ya mazishi. Alikuwa mwitikiaji wa kwanza wa mama tangu usichana wao. Nilimkuta akipura maharage machache aliyojaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikamweleza nilichojia, nikaiweka roboti juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaikubali kama ilivyo, bila kucheka wala kushangaa. Alisikiliza beti zote mbili. Akataka irudiwe. Mara ya pili alikuwa akitikisa kichwa polepole, lakini hakuitikia.

"Huu siujui," akasema.

"Si ule wa kuku?"

"Unaanza kama wa kuku. Halafu unaenda kwingine."

"Basi nilikosea, mama. Nilikuwa nikibahatisha kwa kidole chake."

"Labda ulikosea." Akakung'uta makapi kwenye kanga. "Labda alikuwa akitunga. Mama yako hakuwahi kuimba wimbo mara mbili sawasawa. Alianza wa zamani akaukunja, ukawa mpya, sisi tukamfuata."

"Maneno yake yatakuwa gani?"

"Maneno aliweka mwisho. Sauti kwanza, maneno mwisho. Hayo amekwenda nayo."

Nikamwuliza kama angeweza kuweka yeye. Akaniambia, kwa upole, kwamba mwitikiaji hamwekei ngoi maneno. Akanifungia maharage kwenye kitambaa, akarudi kwenye kazi yake.

Niliondoka pale sijui ninacho nini. Huenda ni wimbo wa mwisho wa mama yangu, beti mbili bila maneno, hakuna anayeujua duniani ila mimi. Huenda ni makosa yangu tu yaliyopangwa kwa namba. Roboti yenyewe haikudumu. Hewa ya bahari ilirudi kuila, na kispika kikanyamaza. Namba zote zimo kwenye laptop, na ubeti wa tatu sikuuandika.

Nikiwa njiani kurudi siku ile nilipitia kwa kaka. Alikuwa akiziba ua wa mbuzi kwa miiba. Hatukuwa tumezungumza sana tangu mazishi. Nilishika upande mmoja wa tawi, yeye akashika mwingine, tukafanya kazi mpaka jua likalegea.

"Kile kidude," akasema bila kunitazama. "Kilikuwa kikimchekesha?"

"Mara mojamoja."

Akakaza fundo la kamba, akalijaribu kwa kulivuta.

"Haya," akasema, akaenda kuwatoa mbuzi kwenye mabua.